Nimepika miaka minne, cheti sina: kadi ya afya, VETA na hiyo "HACCP" ya siku moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Magomeni hapa Mtwara mjini. Nimepika kwenye mgahawa wa mama mkubwa, jirani na stendi ya Mkanaledi, miaka minne sasa. Kupika nimefundishwa na yeye mwenyewe, darasa la upishi sijawahi kulikanyaga. Kuna kampuni ya kulisha wafanyakazi kambini imetangaza nafasi za wapishi wasaidizi na wameandika "awe na cheti cha usalama wa chakula". Nikapeleka kadi yangu ya kupima afya, wakaniambia siyo hiyo. Kuna kaka anasema atanitolea cheti cha HACCP kwa siku moja nikimpa laki na nusu, mtihani atafanya yeye. Wengine wanasema nenda VETA, wengine nenda TBS. Nianzie wapi? Na nikipata cheti hapa, siku nikienda Oman kitanifaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la huyo kaka na cheti chake cha HACCP (huo ni mpango wa jiko wa kuzuia hatari za chakula, nitaueleza huko mbele), maana ndilo lenye haraka: usimpe hata shilingi. Cheti ambacho mtihani wake kafanya mtu mwingine ni cha kughushi, na kughushi ni kosa la jinai. Najua la sheria wengi hawaliogopi, basi chukua hili la pili. Vyeti vya usalama wa chakula vinavyotambulika vina namba, na vingi siku hizi vina kile kimraba cha kuskani. Mwajiri anaingia mtandaoni, dakika mbili tu ameshajua kama ni chako au siyo chako. Kikimpita hapo, atakuita jikoni, atakupa kipimajoto na paja la kuku kisha akuulize limeiva au bado. Hapo huyo kaka hatakuwepo.

Kuchanganyikiwa kwako nakuelewa. Kwenye biashara ya chakula hapa nchini kuna makaratasi ya aina tatu, na watu huyataja yote kwa jina moja la "cheti". Kadi ya afya inasema mwili wako umepimwa. Cheti cha mafunzo kinasema umefundishwa ukafaulu. Halafu kuna makaratasi ya biashara yenyewe, yaani usajili wa jengo, leseni na TIN, ambayo ni ya mwenye jiko na wewe uliyeajiriwa hayakuhusu. Aliyekutuma TBS amekupeleka kwenye dirisha la mama mkubwa wako.

Hilo la TBS, yaani Shirika la Viwango, nilimalize haraka. Mpaka katikati ya mwaka 2019 chakula kilikuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ndiyo maana kuta za migahawa ya zamani bado zina vyeti vyenye jina hilo. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ikahamishia chakula na vipodozi TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, sasa inaitwa TMDA. Mama mkubwa akitaka kusajili jengo la mgahawa, TBS Kanda ya Kusini wapo hapa hapa Mtwara, na leseni anaifuata Manispaa ya Mtwara-Mikindani akiwa na TIN yake ya TRA. TBS huendesha pia mafunzo, lakini mengi yanawalenga wajasiriamali na viwanda. Kwa nafasi unayoiomba wewe, siyo huko.

Sasa hiyo kadi. Usiidharau kwa sababu imekataliwa, kwa sababu bila hiyo hata cheti cha Ulaya hakikuingizi jikoni. Anayeshika chakula cha watu anatakiwa kupima kila baada ya miezi sita. Unachukua fomu kwa bwana afya au bibi afya wa kata yako, unapeleka sampuli kituo cha afya kinachotambulika, kwa kawaida choo, mkojo na damu, na mwenye kikohozi cha muda mrefu anachunguzwa kifua. Kisha fomu inagongwa muhuri. Malipo yoyote ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti. Mtu akitaka noti mkononi na kukwambia choo hakina haja, muhuri atagonga hivyo hivyo, jua hapo unanunua wino.

Tena usiende kwenye usaili na kadi iliyobakiza wiki mbili. Pima upya. Mwenye kambi akikuajiri kwa kadi inayokaribia kufa ataanza kukudai nyingine kabla hujapokea mshahara wa kwanza.

Lakini ujue mpaka wake. Kipimo cha Jumatatu hakijui kuhara kwa Alhamisi. Ndiyo maana kwenye usaili hupenda kuuliza: "Umeamka unaharisha na zamu yako ni saa kumi na moja alfajiri, unafanyaje?" Wengi hujibu "nakunywa dawa naenda kazini", wakidhani wanaonyesha bidii, na wanapoteza nafasi palepale. Jibu ni kwamba unampigia msimamizi, huingii jikoni, na hurudi mpaka saa 48 zipite tangu kuharisha au kutapika kukome. Kidonda chenye usaha mkononi nacho unakisema, siyo unakificha ndani ya glavu. Macho yakigeuka manjano unasema.

Kuna mpishi mmoja wa New York, Mary Mallon, mwaka 1907 aligundulika anabeba vijidudu vya homa ya matumbo ilhali mwenyewe hajisikii kuumwa hata kidogo. Wakamtenga, wakamwachia mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 wakamkuta anapika hospitali ya wazazi kwa jina jingine, watu 25 wameugua na wawili wamekufa. Ule upimaji wa choo wa kila miezi sita, ambao wapishi wetu huuona usumbufu, unamtafuta mtu wa namna hiyo.

Tuje kwenye cheti ulichoulizwa. Kabla hujalipa ada popote, piga simu au nenda kwenye ofisi ya kampuni uwaulize mambo matatu: cheti wanachotaka ni cha taasisi gani, ngazi gani, na kama wanaweza kukuchukua wakakufundisha wenyewe. Usione haya kuuliza. Kampuni nyingi za kulisha kambi zina mtu wao wa usalama wa chakula anayewafundisha wapishi wapya kabla hawajashika mwiko, na tangazo lile linaweza kuwa limenakiliwa kutoka tangazo la mpishi mkuu. Nimeona mabinti wakiuza kuku wao walipie kozi ambayo mwajiri angewapa bure wiki ya kwanza.

Wakijibu "chochote kinachotambulika", una njia mbili, na mimi ningekushauri uzishike zote kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wana chuo hapa Mtwara, na mwenzako wa Lindi anacho chake Lindi, hana haja ya kuvuka Mbwemkuru kufuata Dar. Ukisikia VETA unawaza miaka miwili darasani, na kwa mtu mwenye kazi hilo halibebeki. Lakini kuna kozi fupi, na kuna kitu kinachokufaa zaidi wewe: urasimishaji wa ujuzi, yaani kutambuliwa kwa ujuzi ulioupata nje ya darasa. Umepika miaka minne, mikono inajua. Wanakuja kukutathmini au unakwenda kutathminiwa ukifanya kazi, wanaona unachokijua, unafundishwa kile kilichopungua, kisha unapewa cheti kinachotambulika kitaifa. Upishi na huduma ya chakula ni miongoni mwa fani zilizomo. Serikali imekuwa na awamu za kulipia mafunzo ya namna hii kwa vijana kupitia ofisi inayoshughulikia kazi na ajira, kwa hiyo ukifika VETA usiulizie kozi tu, uliza na kama awamu ya urasimishaji imefunguliwa.

Nenda na kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha shule cha ngazi yoyote ulichonacho, na barua ya mama mkubwa inayosema umefanya kazi kwake tangu lini na unapika nini. Barua iandikwe vizuri. Isiseme "ni mchapakazi", iseme "hupika chakula cha watu kadhaa kwa siku, hupokea samaki na nyama asubuhi, husimamia wasaidizi wawili", au vyovyote ukweli ulivyo. Picha za ukiwa kazini, na jiko likionekana, nazo husaidia.

Cheti hicho kitaonyesha kwamba wewe ni mpishi. Usafi na usalama wa chakula vimo ndani ya mafunzo, ila jina la juu ya karatasi ni la fani ya upishi. Kampuni iking'ang'ania karatasi iliyoandikwa usalama wa chakula juu kabisa, ndipo unaingia njia ya pili: kozi za mashirika ya nje. Majina mawili utakayokutana nayo sana ni Highfield ya Uingereza na ServSafe ya Marekani. Za Uingereza zimepangwa kwa ngazi. Ya 1 ni ya anayezungukazunguka jikoni bila kushika sana chakula, ya 2 ni ya mpishi na msaidizi wake, ya 3 ni ya msimamizi. Wewe ni ya 2, usiuziwe ya 3. ServSafe wana ya mshika chakula na ya meneja, na ile ya meneja mtihani wake lazima usimamiwe na hudumu miaka 5. Ukikuta mtu anauza "cheti cha meneja" bila mtihani wa kusimamiwa, funga mazungumzo.

Mtihani wa ngazi ya 2 ni wa kuchagua jibu, siyo wa kutisha kwa aliyesoma. Kikwazo cha watu wetu ni Kiingereza. Kama chako ni cha kuungaunga, jifunze kwanza mambo yenyewe kwa Kiswahili ndipo ujifunze majina yake. Shirika la Afya Duniani lina kanuni zake tano za chakula salama, nazo zipo kwa Kiswahili: usafi, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika kikaiva, kutunza chakula kwenye joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Mwombe bibi afya wa kata akuonyeshe lile bango. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nao wana masomo ya bure mtandaoni ukiwa na bando la kutosha.

Hiyo HACCP, ambayo kila mtu sasa analitaja jina lake kama dawa ya mchango, haikuanza kama cheti cha mpishi. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury ikishirikiana na NASA na maabara ya jeshi kule Natick, wakitafuta namna ya kumpa mwanaanga chakula ambacho hakika hakitamharisha angani. Waliona kwamba kupima chakula kikishaiva hakusaidii, maana utakipima mpaka kiishe na hujapata cha kumlisha. Wakageuza: kaa chini, fuata chakula kutoka kinapoingia mlangoni mpaka kinapofika mdomoni, tafuta ni wapi kinaweza kuharibika, chagua zile hatua ambazo ukizikosea hakuna hatua nyingine ya kuokoa, wekea kila moja kipimo, pima, andika, na uwe umeshaamua utafanya nini kipimo kikivuka. Ni mpango wa jiko zima. Mpishi msaidizi anatakiwa ajue nafasi yake ndani ya mpango huo, ambayo mara nyingi ni kuchomeka kipimajoto na kuandika namba ya kweli kwenye daftari. Cheti kinachosema msichana wa mgahawani ni "mtaalamu wa HACCP" kinamfanya mkaguzi acheke, hata kingekuwa halali.

Namba ya kweli, narudia. Nimekagua madaftari ya majiko ambamo friji lilisoma 4 asubuhi, 4 mchana, 4 usiku, mwezi mzima, hata siku umeme ulipokatika mji mzima kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakuna friji la namna hiyo Mtwara hii. Mkaguzi akiona hivyo hakuulizi la friji tena, anaanza kutilia shaka kila ukurasa.

Basi ukiwa unasubiri majibu ya VETA, nunua kipimajoto cha chakula cha kuchomeka na ujifunze kukisahihisha. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji baridi kidogo tu yapenye katikati ya vipande, koroga, tumbukiza ncha bila kugusa chini wala ubavuni, subiri itulie. Isome nyuzi 0. Halafu maji yanayotokota: hapa kwetu usawa wa bahari yasome 100. Mwenzako wa Newala, kule juu ya uwanda wa Makonde, atasoma kama 98 na kipimajoto chake hakina kosa lolote, mlima ndio unaofanya hivyo. Mwambie hilo anayekusaili, utaona anavyokutazama upya.

Kisha namba zenyewe. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaliana, kwa hiyo cha baridi kikae chini ya 5 na cha moto juu ya 60. Kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kuiva ni nyuzi 70 katikati ya kipande kinene, na kampuni nyingi hudai 75. Hotpoti inatunza joto ulilotia na haiongezi, ukitia wali wa nyuzi 55 umefunga mlango na wezi wakiwa ndani.

Wali nauzungumza makusudi, kwa sababu kwetu kiporo hakina ubaya na mgahawani wali wa jana hukaangwa asubuhi ukauzwa na chai. Mchele unakuja na kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus, ambacho hujifungia ndani ya kitu kama ganda, na kuchemsha hakukiui. Sufuria la wali likiachwa jikoni usiku kucha, ndani kule katikati joto linakaa saa nyingi, ganda linapasuka, kijidudu kinazaliana na kutoa sumu ya kutapisha. Asubuhi unaukaanga mpaka unalia, vijidudu vinakufa, sumu inabaki palepale. Mteja anatapika ndani ya saa chache na kulaumu mafuta. Dawa yake ni kupoza haraka: utandaze kwenye trei kina kisizidi vidole viwili, au tumbukiza sufuria dogo kwenye beseni la maji na barafu ukikoroga. Ushuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, na ufike 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Mchuzi wa maharage na supu nzito ni vivyo hivyo. Swali la kupoza chakula huulizwa karibu kila usaili wa kambini, kwa sababu kule wanapika sufuria kubwa na sufuria kubwa halipoi.

Na samaki. Wewe wa hapa unafuata samaki soko la Feri, unajua kumtazama macho na mashavu. Kwa changu au tasi hilo linasaidia sana. Kwa jodari, nguru na vibua halitoshi. Samaki wa ukoo huo wakikaa juani bila barafu, nyama yao inatengeneza kitu kinaitwa histamini. Haibadilishi sura wala harufu kiasi cha kukutahadharisha, na ukikaanga, ukichemsha au ukimtia nazi, haiondoki. Mlaji anawaka uso, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, anawashwa, pengine ndani ya dakika chache. Watu husema "ana aleji ya samaki", kumbe samaki alisafiri kwenye ndoo kavu kutoka Msimbati. Swali la kumuuliza muuzaji ni barafu iliingia saa ngapi, na wewe mwenyewe uende sokoni na boksi lenye barafu. Kambini utakuwa upande wa kupokea. Gari likifika na jodari wa nyuzi 15, unamkataa na kuandika, hata dereva akinuna.

Silabasi za Uingereza hazitakufundisha yaliyo yetu, na hapa ndipo mtu wa pwani ya kusini anapowazidi wenye vyeti vikubwa. Bunju sumu yake haifi kwa moto. Nyama ya kasa, mbali na kuwa haramu kisheria, huua. Machi 2024 Kisiwa Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kuila. Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vya kutosha unaacha sumu ya sianidi, na konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, umewahi kuripotiwa na watafiti vijijini mkoani kwetu, hasa miaka ya ukame watu walipofupisha siku za kuloweka kwa sababu ya njaa. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na kupepeta hakuitoi yote. Kampuni inayonunua unga wa makopa na karanga kwa wakulima wa hapa inamhitaji mtu anayejua haya. Yataje kwenye usaili bila kusubiri kuulizwa.

Jambo dogo la vitendo ambalo huwaangusha wengi: maji ya dawa ya kufutia ubao wa kukatia. Dawa ya klorini ya madukani, ile ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja na nusu ya maji inatosha, na unaanza kwa kuosha ubao kwa sabuni kwanza. Klorini juu ya mafuta ya nyama haifanyi kazi. Usimimine kwa kukadiria mpaka macho yanawasha ukadhani ndiyo usafi. Na ubao wa nyama mbichi usiwe wa kachumbari, hata ukiwa umeufuta mara kumi.

Usije ukaona haya yote ni ya wazungu kutuzungusha. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa chakula kibaya na 420,000 hufa. Kanda ya Afrika peke yake ni milioni 91 wanaougua na vifo 137,000, na ukilinganisha kwa idadi ya watu ndiyo kanda inayoumia kuliko zote. Kambini watu wote wanakula sufuria moja. Wakiharisha, kazi nzima inasimama, na ndiyo maana mwenye mradi wa gesi au mgodi wa kinywe kule Ruangwa anambana mkandarasi wa chakula, na mkandarasi anakubana wewe. Mradi wa gesi wa Likong'o ukianza siku moja, kubanwa huko kutaongezeka, kwa hiyo hicho cheti hata ukikosa nafasi ya sasa hutakitupa.

Kwa hiyo barua yako ya maombi usiiandike kama mtu asiye na kitu. Andika una miaka minne ya kazi, kadi ya afya iliyopimwa upya mwezi huu, umeomba kutathminiwa VETA na tarehe uliyoomba, na uko tayari kufanya kozi ya ngazi ya 2 wakikutajia taasisi. Ambatanisha nakala, halisi baki nazo. Wakiuliza kuhusu OSHA, ule wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kile ni kipimo kingine cha afya ya mfanyakazi kazini, mwajiri ndiye anayekipanga na kukilipia. Usikubali kukatwa.

La Oman sasa. Cheti cha VETA kitakusaidia kuthibitisha kwamba ni mpishi wa fani, na cha ngazi ya 2 cha shirika la nje kinajulikana sana Ghuba. Lakini hakuna kinachokuondolea taratibu za kule. Vipimo vya afya utafanyiwa upya ukifika, kadi yako ya Mtwara haihesabiki. Jikoni utafuata masharti ya manispaa ya mji uliopo. Dubai kwa mfano manispaa yao inataka washika chakula wawe na kadi yao ya afya na mafunzo waliyoyaidhinisha wao, na kila jiko liwe na msimamizi mwenye cheti cha usalama wa chakula. Gharama hizo kwa kawaida ni za mwajiri, kwa hiyo wakala atakayekudai hapa Mtwara "hela ya kadi ya afya ya Oman" anakuibia. Mkataba wako upitie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kabla hujapanda ndege, na pasipoti usimwachie mtu mkononi kwa sababu ya ahadi ya cheti.